VIAZI VYA KUPONDA

Siku moja msichana mmoja wa mwaka wa tano alirudi kutoka shuleni, akakuta mama yake hayupo. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nyumbani alikuwako nyanya peke yake, ndiye mama wa baba yake. Nyanya alikuwa amelala mgonjwa majuma mawili. Sasa homa ilikuwa imemtoka, lakini nguvu zilikuwa hazijarudi. Tena meno yake yalikuwa yamekwisha. Mahindi ya kuchoma hakuweza, nyama hakuweza, hata maharagwe yalimchosha.

Msichana akamwuliza: «Nyanya, nikupikie nini?»

Nyanya akajibu: «Mjukuu wangu, kama ningepata kitu laini, kitu chenye maziwa, ningekula kidogo.»

Msichana akafurahi. Kwao ni milimani, upande wa Masisi, na viazi vya Ulaya havikosi nyumbani. Akamenya viazi, akavitumbukiza katika maji yaliyokuwa yakichemka, akavipika. Kisha akavitia katika kinu, akashika mchi, akatwanga kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea kutwanga majani ya muhogo. Akamimina maziwa baridi, akatwanga tena. Jasho likamtoka. Moyoni alisema: «Nikitwanga sana, vitalainika sana.»

Lakini alipotazama ndani ya kinu alishangaa. Viazi vilikuwa vimegeuka kama ulimbo. Vilishika mchi, vilishika mwiko, vilishika vidole. Na ndani ya ulimbo ule mlikuwa na madonge magumu. Nyanya akaonja mara moja, akanyamaza, akairudisha sahani polepole. Hakutaka kumhuzunisha mjukuu wake. Lakini hakula.

Mama aliporudi akaona kinu, akaelewa mara moja. Hakumgombeza mtoto wake. Akamwambia: «Binti yangu, bidii hukukosa. Umekosa kujua. Bugali hutaka nguvu, viazi hutaka upole. Kesho tutapika pamoja.»

Wewe unayesoma, hata wewe unaweza kukosa kama msichana huyu. Basi tujifunze sababu ya ulimbo ule, na namna ya kupata viazi vya kuponda vilivyo laini kweli.

1. KIAZI KINA NINI NDANI YAKE?

Twaa kiazi kibichi kimoja. Kikwaruze juu ya kipande safi cha bati kilichotobolewa kwa msumari, mpaka kiwe rojorojo. Tia rojo hiyo katika kitambaa safi, uikamue ndani ya bakuli lenye maji. Ngoja nusu saa. Halafu mwaga maji polepole. Chini ya bakuli utaona unga mweupe, mwororo sana. Ukiufinya kwa vidole utausikia unalia kidogo. Unga ule ndio nguvu ya kiazi.

Ukigawa kiazi kizima katika sehemu tano, karibu sehemu nne ni maji. Katika sehemu moja inayobaki, kilicho kingi ni unga ule.

Lakini unga haukai ovyo. Umefungwa katika vifuko vidogo sana, ambavyo macho hayawezi kuviona bila chombo cha kukuza vitu. Kila kifuko kina ukuta wake. Vifuko vimeshikamana kama matofali ya nyumba yanavyoshikwa na udongo.

Unapopika kiazi, mambo mawili hutokea. Jambo la kwanza: moto ukifika digri 60 hivi, punje za unga hunywa maji, zikavimba ndani ya vifuko vyao. Jambo la pili: ule udongo unaoshikamanisha vifuko hulegea. Ndiyo maana kiazi kibichi ni kigumu kama mti, lakini kiazi kilichoiva huvunjika kwa kidole.

Sasa angalia vema. Ukiponda kwa upole, vifuko huachana kimoja kimoja, lakini havipasuki. Mdomoni utasikia kitu laini. Ukitwanga kwa nguvu, au ukikoroga mno, vifuko hupasuka. Unga uliovimba hutoka nje, ukashikana. Huo ndio ulimbo alioupata yule msichana.

Kwa bugali ni kinyume. Hapo tunataka unga ushikane, ili kila mtu aweze kumega tonge. Kwa hiyo tunasonga kwa nguvu. Mkono ni ule ule, mwiko ni ule ule, lakini kazi ni mbili.

2. KUCHAGUA VIAZI

Sisi tunasema viazi vya Ulaya, lakini asili yao si Ulaya. Vilitoka Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, ambako leo ni nchi za Peru na Bolivia. Wenyeji wa huko walivilima miaka elfu nyingi. Wahispania walivipeleka Ulaya baada ya mwaka 1500, na baadaye Wazungu wakavileta Afrika. Kwa kuwa ni mmea wa milimani, hupenda ubaridi. Ndiyo sababu kwetu Kongo vinastawi huko Masisi na Lubero. Penye joto kali mmea hutoa majani mengi na viazi vichache.

Viazi vyote si sawa. Kuna viazi vyenye unga mwingi. Vikiiva hupasuka ngozi na kuwa vikavu. Kuna vingine vyenye maji mengi. Vikiiva hubaki vizima na kung'aa. Hivi vya pili ni vizuri katika mchuzi. Kwa kuponda, chagua vile vya kwanza.

Utavijuaje kabla ya kuvipika? Fanyeni jaribio hili shuleni. Twaeni kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, mkoroge mpaka chumvi iyeyuke yote. Tieni viazi viwili vitatu vya namna mbalimbali. Kiazi chenye unga mwingi ni kizito, nacho huzama. Kiazi chenye maji mengi huelea. Vikombe viwe vya kipimo kimoja. Kama kikombe ni kidogo, chumvi haipotei nyingi.

Sasa sikilizeni neno kubwa. Kiazi kikiachwa juani au mwangani, ngozi yake hugeuka kuwa ya kijani. Rangi ya kijani yenyewe haidhuru. Lakini ni alama: mwanga uleule uliotia rangi umezidisha sumu katika kiazi. Sumu hiyo huitwa solanini, na ladha yake ni chungu. Imo pia katika machipukizi. Mtu akiila nyingi huumwa tumbo, hutapika na kuharisha. Mtoto mdogo hudhurika upesi kuliko mtu mzima. Wala usidhani kwamba moto utaiondoa: kupika hakuui sumu hii. Mahali padogo penye kijani pakatwe, na nyama ya kiazi iliyo karibu pia, pamoja na machipukizi yote. Kiazi chenye kijani kingi, au kiazi kichungu, kitupwe. Usimpe mtu, wala mbuzi, wala nguruwe. Na viazi vizuri vitunzwe gizani, pahali pakavu penye hewa, ndani ya gunia au kikapu kilichofunikwa.

3. VITU VINAVYOHITAJIWA

Kwa watu watano, tayarisha:

viazi vya unga, kilo 1;
maziwa, desilita 2, yaani kikombe kimoja cha chai;
siagi, gramu 50, yaani vijiko vitatu hivi vya mezani;
chumvi na maji safi.

Kama siagi haiko, mafuta ya ng'ombe yanafaa. Kama hakuna hata hayo, tia kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya mawese. Chakula kitakuwa na rangi ya manjano, lakini kitakuwa kizuri. Na kama nyumbani hakuna maziwa, usikate tamaa. Tutaona baadaye maji ya kutumia badala yake.

4. KUPIKA

Nawa mikono kwa sabuni. Osha viazi, umenye ngozi nyembamba, usitupe nusu ya kiazi pamoja na maganda. Kata vipande vinavyolingana, vyenye ukubwa wa yai la kuku. Kwa nini vilingane? Kwa sababu kipande kidogo huiva mbele. Ukingoja kile kikubwa kiive, kile kidogo kitakwisha kuvurugika majini. Ukikosa kungoja, kile kikubwa kitakuwa kigumu katikati. Ndiyo madonge yale.

Tia vipande katika sufuria, kisha mimina maji baridi mpaka yavipite kwa vidole viwili. Tia chumvi kijiko kidogo kimoja kwa kila litiri ya maji. Hapa ndipo msichana wetu alipokosa mara ya kwanza. Yeye alitia viazi katika maji ya moto. Nje vikaiva upesi, vikaanza kuvunjika, na ndani vilikuwa bado. Maji yakianza baridi, moto huingia polepole, na kiazi huiva sawasawa toka nje mpaka ndani.

Weka sufuria juu ya mafiga au juu ya mbabula. Maji yakichemka, punguza moto, yaendelee kuchemka taratibu. Kwa kawaida dakika 20 zatosha. Lakini wenzetu wa milimani wangoje zaidi. Kwa sababu gani? Kadiri unavyopanda mlima, hewa inapungua uzito, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kando ya bahari maji huchemka kwenye digri 100. Mahali palipo na urefu wa meta 2000 juu ya bahari, huchemka kwenye digri 93 tu. Maji yanaruka sawasawa, lakini moto wake ni mdogo. Basi usitazame mapovu. Jaribu kwa kisu. Choma kipande kikubwa kuliko vyote. Kisu kikiingia na kutoka bila kuzuiwa, na kiazi kikiteleza chenyewe, vimeiva.

5. KUKAUSHA NA KUPONDA

Mwaga maji, lakini bakiza kikombe kimoja. Angalia mvuke usikuunguze: inamisha sufuria mbali na uso wako, wala mtoto mdogo asiwe karibu.

Rudisha sufuria yenye viazi juu ya moto mdogo sana, bila kifuniko, kwa dakika mbili. Itikise polepole. Utaona mvuke unatoka na viazi vinakuwa vyeupe kama vilivyopakwa unga. Watu wengi huacha kazi hii, wakidhani ni bure. Lakini si bure. Kiazi kilichojaa maji hakina nafasi ya kunywa maziwa. Kwanza maji yatoke, kisha maziwa yaingie.

Sasa ponda vikiwa bado vya moto. Vikipoa, unga wake huanza kuwa mgumu, na hutaweza kuondoa madonge. Tumia mwiko mpana, au uma kubwa, au kitako cha kikombe safi cha bati. Kandamiza toka juu kwenda chini, inua, kandamiza tena pahali pengine. Usizungushe. Usipigepige. Usitie katika kinu. Ukiwa na chujio gumu la chuma, pitisha viazi humo kwa kuvikandamiza na mwiko. Hapo hakuna donge litakalobaki. Madonge yakiisha, acha. Aliyemaliza kazi na akaendelea kuifanya huiharibu.

6. SIAGI KWANZA, MAZIWA BAADAYE

Wakati viazi vinapoiva, chemsha maziwa katika sufuria nyingine mpaka yapande. Fanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni afya. Maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kuwa na vijidudu vya magonjwa, hata vya kifua kikuu, na moto huviua. Ya pili ni upishi. Maziwa baridi hupoza viazi, na viazi vilivyopoa havinywi maziwa vizuri.

Tia siagi kwanza, vipande vidogo vidogo, ugeuze kwa mwiko polepole mpaka iyeyuke. Mafuta yake hupaka unga kama vile mtu anavyojipaka mafuta mwilini. Kwa hiyo unga haushikani upesi. Halafu mimina maziwa ya moto kidogo kidogo, mara nne au mara tano. Kila mara geuza kwa upole, ngoja yaingie, ndipo umimine tena. Ukitia yote mara moja, viazi vitaelea kama visiwa ziwani. Ukiona vimekuwa laini na vinaanguka polepole kutoka mwikoni, acha kumimina, hata kama maziwa yamebaki. Onja, tia chumvi kama imepungua.

Asiye na maziwa atumie yale maji ya viazi aliyobakiza, yangali ya moto. Yana unga kidogo na chumvi, nayo hulainisha vizuri kuliko maji matupu. Lakini nguvu ya maziwa hayana. Basi siku hiyo chakula kiende pamoja na maharagwe, au samaki, au yai.

7. MPISHI ALIYEJULIKANA KWA VIAZI

Pengine mtu atasema: «Viazi vya kuponda ni kitu kidogo, havimpi mtu heshima.» Msikilize basi habari hii.

Katika nchi ya Ufaransa, mjini Poitiers, mwaka 1945, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joël Robuchon. Baba yake alikuwa mwashi. Alipokuwa na miaka 12 aliingia seminari ndogo, na huko alisaidia masista jikoni. Akapenda kazi ile. Alipokuwa na miaka 15 alianza kujifunza upishi. Mwaka 1981 alifungua nyumba yake ya chakula mjini Paris. Matajiri walikuja kula kwake, naye alijua kupika vyakula vya bei kubwa sana. Lakini kilichowashangaza wengi kilikuwa viazi vya kuponda.

Alifanyaje? Alivipika na ngozi zake, visinywe maji. Alivimenya vikiwa vya moto. Alivipitisha katika kinu kidogo cha mkono chenye matundu, akavikausha juu ya moto, akatia siagi, kisha maziwa yaliyochemka. Kwa kilo moja ya viazi alitia siagi robo kilo. Siagi nyingi hivyo si ya kila siku, na sisi hatuihitaji. Lakini ukitazama vizuri, utaona kwamba njia yake ni ile ile uliyoisoma hapa: kukausha, kuponda vikiwa vya moto, siagi, maziwa ya moto. Robuchon alikufa mwaka 2018. Alikuwa amepata sifa nyingi, na mwenyewe alisema kwamba viazi hivyo vimemfanya ajulikane.

8. KULA

Viazi vya kuponda viliwe vikiwa bado na moto. Vinawafaa wazee wasio na meno na wagonjwa wanaopata nafuu. Vinamfaa pia mtoto mchanga aliyetimiza miezi sita, akiwa anaendelea kunyonya. Chake kitengwe kabla ya kutia chumvi, na kiwe laini kabisa. Viazi hutia mwili nguvu ya kazi, maziwa hujenga mwili. Lakini havitoshi peke yake siku zote. Weka mboga kando yake, na maharagwe au samaki.

Usivilaze mpaka kesho kama huna pahali pa baridi pa kuvitunza. Chakula chenye maziwa huharibika upesi, na anayeumia kwanza ni yule dhaifu uliyetaka kumsaidia.

Sasa turudi kwa msichana wetu. Siku ya pili alipika pamoja na mama yake. Mama hakushika mwiko. Alisimama tu, akatazama. Mara mbili msichana alitaka kuharakisha, mara mbili mama akamwambia: «Polepole.» Walipomaliza, msichana akapeleka sahani kwa nyanya, akakaa chini karibu naye. Nyanya akaonja kijiko kimoja. Akaonja cha pili. Hakusema neno mpaka sahani ikawa tupu. Ndipo akainua macho, akasema: «Mjukuu wangu, jana ulinipikia kwa mikono. Leo umenipikia kwa mikono na akili.»

Tangu siku hiyo nguvu zake zilianza kurudi kidogo kidogo.

MAULIZO

1. Kwa nini nyanya hakuweza kula viazi vya siku ya kwanza?
2. Msichana alikosa mambo gani? Yataje yote.
3. Kuna tofauti gani kati ya kusonga bugali na kuponda viazi?
4. Utafanya nini ukiona kiazi chenye rangi ya kijani? Kwa sababu gani?
5. Kwa nini viazi huchelewa kuiva milimani?
6. Kwa nini tunachemsha maziwa? Taja sababu mbili.
7. Andika namna nyumbani kwenu mnavyopika viazi. Kuna neno gani katika somo hili utakalomwambia mama yako?

MANENO YA KUKUMBUKA

ulimbo: utomvu wa mti unaonata, hutegewa ndege.
kukwaruza: kusugua kitu juu ya kingine chenye meno mpaka kitoke vipande vidogo.
machipukizi: mimea midogo inayotoka katika macho ya kiazi.
mbabula: jiko la makaa.
kulaza chakula: kukiacha mpaka kesho.